"Wewe ni mtani wangu tangu lini?"

Niliulizwa hivyo kazini, saa nne asubuhi, chai ikiwa mezani. Mwenzetu mmoja, Mpare, alikuwa anahesabu chenji ya maandazi sarafu moja moja, nami nikasema lile ambalo kila aliyekulia Tanzania amelisikia: kwamba Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe apate pesa ya kuendesha kesi ya kuku. Wawili watatu wakacheka. Mwenyewe hakucheka. Aliiweka mia mbili yake mezani, akanitazama, akauliza kwa upole kabisa: "Samahani kaka, wewe ni mtani wangu tangu lini?"

Kilichoniuma ni kwamba dakika tano kabla ya hapo Mchaga wa meza ya dirishani alikuwa amemwambia neno zito kuliko langu. Alimshauri andazi asilimalize, nusu ampelekee wakili wake. Yule Mpare alicheka mpaka akapaliwa na chai, kisha akajibu kwamba yeye siku akifa angalau watu watalia; Mchaga akifa, kwanza wanamdondoshea sarafu karibu na sikio, na asipofumbua jicho ndipo wanaamini. Ofisi nzima ilicheka. Mimi nikadhani mlango uko wazi, nikaingia na viatu.

Nikajitetea kama tunavyojitetea wote. "Nilikuwa nakutania tu, bwana."

"Ndicho ninachokuuliza," akasema, akaendelea kuhesabu.

Kazi yangu ni maneno. Natafsiri, hasa yale maandishi yanayopita chini ya filamu na tamthilia, na katika kazi hiyo hakuna kinachonitoa jasho kama vichekesho. Mtu kwenye filamu anasema kitu, wenzake wanaangua kicheko, halafu anasema "nilikuwa natania." Kila mara mkono wangu umeandika "natania" bila kufikiri. Baada ya siku ile ya maandazi nikaanza kusita. Huyu anamtania nani? Wana utani gani?

Maana Kiswahili hakina uhaba hapa. Kuna mzaha, ambao ni mwepesi na kila mtu anao, ingawa wahenga wameshauwekea onyo kwamba mzaha mzaha hutumbua usaha. Kuna masihara, neno ambalo mara nyingi hulisikia likikatazwa: acha masihara, sifanyi masihara, mzee yule hana masihara. Kuna dhihaka, ambayo huko ilikotoka Uarabuni mzizi wake ni kucheka tu, lakini ilipofika kwetu ilikuwa imeota meno. Kejeli inamtazama mtu kutoka juu. Kijembe kinarushwa hewani, hakina anwani, na mwenye nacho anajijua. Waulize wapenzi wa taarabu. Kumfanyia mtu shere ni kumchezea akili mbele za watu. Ucheshi ni kipaji, mtu anazaliwa nao kama sauti nzuri.

Utani haukai kwenye foleni hiyo. Tazama tu unavyotumika. Huwezi kusema "nina mzaha na Wazaramo" ukaeleweka, lakini "nina utani na Wazaramo" ni sentensi kamili, kama vile "nina udugu nao" au "nina deni nao." Mcheshi anajitosheleza: mweke peke yake kisiwani, ataendelea kuwa mcheshi. Mtani hawezi. Mtani lazima awe mtani wa mtu, kama mkwe, kama jirani, kama mdai. Na kitenzi chenyewe kinapenda sana kuvaa ile -na ya mwishoni: kutaniana. Ukimtania mtu asiyeweza kukutania, umefanya jambo lingine, ambalo lina jina jingine katika orodha ile ya juu.

Hayo niliyajua kwa mdomo. Kwa macho nilikuwa nimeyaona zamani, nikayasahau.

Baba yangu alikuwa Mnyamwezi wa Tabora aliyekuja Dar es Salaam kutafuta maisha, akaishia kujenga Mbagala katikati ya Wazaramo. Ng'ambo ya uzio wetu wa michongoma aliishi bibi mmoja wa Kizaramo, kwao Kisarawe. Sisi watoto tulimwita Bibi Mtani, na mpaka naingia sekondari nilidhani Mtani ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Kila asubuhi Baba akitoka kwenda kazini alimkuta barazani na ufagio.

"Haya pagazi, mzigo wa leo unaupeleka wapi?"

"Napita tu kuangalia," Baba anajibu bila kusimama. "Jana sikusikia ngoma. Nikasema Wazaramo leo wamelala mapema, lazima kuna mgonjwa."

Kila siku iendayo kwa Mungu, miaka ishirini na kitu. Maneno yakibadilika kidogo, mada ile ile: wewe mbeba mizigo, wewe mcheza ngoma. Siku ambayo bibi hakuwepo barazani, Baba alirudi nyuma, akagonga mlango, akauliza kama kuna homa humo ndani. Mara moja ilikuwepo kweli, malaria, na Baba akachelewa kazini.

Pagazi halikuwa tusi la kutunga. Karne ya 19 Wanyamwezi walisifika kwa kubeba pembe za ndovu mabegani kutoka bara hadi Bagamoyo, na kurudi na vitambaa, shanga na nyaya. Hiyo haikuwa safari ya wiki. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke, walioondoka pwani Juni 1857, walifika Kaze, ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba, zaidi ya miezi minne njiani. Sasa jiweke wewe humo. Uko Uzaramo, mguu umevimba, mwenzako anatetemeka kwa homa, na huna shangazi wala mjomba kwa mwendo wa miezi. Akifa usiku, nani atachimba? Nani atakupa maji bila kukuuliza unalipa nini? Wazee wanaueleza utani wa njia ile hivyo hivyo: mgeni akapewa haki ya kuingia jikoni kwa mwenyeji na kuchota chakula huku akimtukana, na mwenyeji akapewa haki hiyo hiyo, ili siku ya kufa asikosekane wa kuzika.

Kwa Wangoni utani ulianzia kwenye mkuki. Waliingia kutoka kusini karne ile ile, wakapigana na wengi waliowakuta, na leo wana watani kila upande. Wao na Wahehe walitoana damu kati ya 1878 na 1882. Siku hizi wanamalizana kwa mambo ya nani anakula mbwa na nani anakula panya, kisha wanagawana pombe. Ukiniuliza mimi, hakuna mkataba wa amani uliowahi kuandikwa kwa gharama ndogo kuliko huo.

Kuna na utani usiohitaji kabila. Babu na mjukuu wanao. Bibi mzaa baba alikuwa ananiita mume wangu, na nikienda likizo Tabora mikono mitupu ananiuliza mbele ya watu, mume gani huyu anarudi kutoka Dar hana hata kanga? Nilikuwa na miaka tisa. Shemeji na wifi wanao, mabinamu wanao. Mkwe huna utani naye hata kidogo. Mkwe unampisha njia.

Baba alifariki mwaka 2009.

Siku ya mazishi nyumba ilikuwa imezizima. Mama hakuwa amesema neno tangu juzi yake, amekaa kwenye mkeka amejifunika kanga mpaka kwenye nyusi. Wanaume wakainua jeneza, wakaanza kusogea mlangoni. Mlangoni kumesimama Bibi Mtani. Amevaa koti la Baba, lile la kijivu lililotoboka kiwiko, kofia yake, na miwani yake ameivaa juu chini. Kichwani ana furushi la matambara. Na anachechemea. Baba alikuwa anachechemea mguu wa kushoto tangu aanguke na baiskeli, na yule bibi alikuwa ameushika mwendo ule barabara, mpaka ile tabia yake ya kuvuta suruali kidogo kabla ya kuvuka kizingiti.

"Anakwenda wapi huyu?"

Hakuna aliyejibu.

"Nauliza pagazi anakwenda wapi, na ana deni langu! Mwaka 1984, sukari ya foleni, alikuja kwangu usiku usiku kama mwizi. Mtani nikopeshe kilo moja, watoto hawajanywa uji, Jumatatu naleta. Jumatatu ipi?" Akaligonga jeneza kwa kidole, kama mtu anayebisha hodi. "Jumatatu ipi, wee Mnyamwezi? Amka unijibu."

Wageni waliotoka mjini walitazamana. Rafiki yangu mmoja wa chuo aliniambia baadaye alitaka kwenda kumtoa. Mimi mwenyewe sikujua pa kuweka uso. Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu, kitu kati ya kikohozi na kwikwi, nikageuka. Mama anacheka. Amejishika ubavu, machozi yanamtoka, anacheka, na anasema kwa sauti iliyokauka siku tatu: "Kweli, sukari ile alikopa. Mwongo yule, aliniambia amenunua."

Bibi alipewa elfu tano. Aliimulika kwanza juani kuona kama si ya bandia, akatoka mlangoni. Kule makaburini mdogo wake alikuwa amelala ndani ya kaburi alilolichimba mwenyewe tangu alfajiri, mikono nyuma ya kichwa, anatangaza kwamba chumba kina mtu na kodi imeshalipwa. Naye akatolewa kwa ada yake.

Wageni wa mjini waliondoka na hadithi hiyo, na ni hadithi nzuri. Lakini waliondoka saa kumi na moja. Hawakuona saa tisa usiku, yule bibi wa miaka karibu sabini ameinamia masufuria ya msiba na jivu na maganda ya nazi, koti la Baba bado liko mwilini kwa sababu ya baridi. Hawakuona kwamba kwa siku zote zile yeye ndiye aliyejua nani hajala. Alilala mlangoni kwa Mama, kwenye mkeka, miguu nje. Nilipomwambia apumzike alinijibu, "Nikapumzike wapi, mzigo wenu si nimeachiwa mimi? Leo pagazi ni nani?"

Mmoja wa walioandika mapema kuhusu mambo haya kwa huku kwetu alikuwa mtaalamu wa ndege. Reginald Moreau alikuwa Amani, kule milima ya Usambara, akichunguza ndege, na yupo chozi mmoja anayeitwa kwa jina lake hadi leo. Mwaka 1941 aliandika makala kuhusu utani wa Tanganyika. Napenda kumfikiria, darubini shingoni, akisikia watu wawili wazima wakitukanana mamba na fisi, akisubiri ngumi isiyokuja. Mwaka mmoja kabla yake Mwingereza mwingine, mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown, alikuwa ameuweka utani wa namna hii katika maneno ya kitaalamu: mmoja anaruhusiwa na mila kumkejeli mwenzake, pengine analazimika, na mwenzake halazimiki lolote isipokuwa kutokasirika. Ni kweli tupu. Ila ukiisoma peke yake unaweza kudhani utani ni leseni. Masufuria hayamo.

Neno lenyewe limetembea tangu hapo. Kwa Wakenya wengi ninaofanya nao kazi, utani ni mzaha wa kawaida, basi. Wakitaka ule wa kupokezana makombora wana mchongoano wao, wenye ufundi wake. Bungeni Dodoma mbunge akitaka kumchoma mwenzake bila kukemewa huanza na "huyu ni mtani wangu, Mheshimiwa Spika." Na magazeti ya michezo yamelitwaa likawa lao kabisa. Andika "watani wa jadi" Tanzania na hakuna atakayeuliza unasema nani: Yanga ya 1935 na Simba ya 1936. Hapo, nikiri, utani umebaki na afya kuliko sehemu nyingi. Novemba 5, 2023 Yanga waliifunga Simba tano kwa moja, na mimi mtu wa Msimbazi niliishi wiki mbili bila kuweza kuonyesha vidole vya mkono wangu hadharani. Muuza genge alinifungia nyanya tano nilipoomba nne. "Ya tano zawadi, mtani." Nilizila. Mwaka 2012 Mei, sisi tulipowapiga hao hao tano bila, mwenye genge alikuwa marehemu baba yake, na nilimwagizia mayai matano kila asubuhi mpaka akafunga duka. Anajua. Ndiyo maana alikuwa na haki.

Ninachokichukia ni huu utani wa siku hizi usio na mwenyewe. Bosi anamwambia msichana wa mapokezi jambo la mwili wake, uso wa msichana unabadilika, bosi anacheka: utani tu, mbona unakuwa mkali? Mtu mtandaoni anamvua nguo mtu asiyemjua, akibanwa anaandika kwamba watu hawajui utani. Wanaojua wanajua kwamba swali ni moja. Ungekuwa utani, msichana yule angeweza kumjibu bosi wake kwa kipimo kile kile na kesho akaamka na kazi yake. Hawezi. Basi tuite dhihaka, au tuite jina lake lililo kwenye sheria. "Tu" ndiyo inayomsaliti msemaji. Bibi Mtani hakuwahi kusema "utani tu" maisha yake yote.

Miezi michache baada ya lile la maandazi, mwenzetu yule Mpare alifiwa na mama yake, kijijini, wilaya ya Same. Ofisi ikachanga. Mimi nilituma elfu ishirini kwa simu na ujumbe wa pole ambao, kwa kuwa kazi yangu ni maneno, ulikuwa mzuri. Mchaga wa meza ya dirishani aliomba ruhusa ya siku nne akapanda basi. Aliyerudi na picha alituonyesha: Mchaga amevaa kanga kiunoni, ana ndoo mbili za maji kwenye ule mteremko, nyuma yake wazee wanacheka. Alikuwa amefika msibani akauliza kwa sauti kama marehemu ameacha kesi ngapi mahakamani, na nani amerithi ya kuku.

Sikusema kitu. Nilimnunulia yule Mpare chai wiki ile, na nilimwachia chenji ahesabu, nikafunga mdomo.

Bibi Mtani alifariki mwaka juzi, Kisarawe, kwa mwanawe. Mama hawezi tena safari ya kutikisika, kwa hiyo alinituma mimi, na aliponituma hakuniambia nikazike. Aliniambia, "Nenda kafanye." Nilijua anachosema, na njia nzima nilikuwa na tumbo la mtu anayekwenda mtihani. Mimi si mcheshi. Mbele ya watu ninagugumia. Pale Mbagala kabla ya kupanda gari niliingia dukani, nikanunua nilichonunua, nikakiweka kwenye mfuko mweusi.

Jeneza lilipoinuliwa nilikuwa nimeshasimama mlangoni, na miguu haikuwa yangu. Watu wakasimama. Kijana mmoja alinyoosha mkono anipishe kando, mzee mmoja akamzuia: "Mwache. Huyo Mnyamwezi."

"Sukari," nikasema. Sauti ilitoka ndogo kama ya mtoto. Nikarudia. "Nimeleta sukari ya Baba. Ya Jumatatu."

Nikautoa ule mfuko, nikauweka juu ya jeneza, kilo moja, ya karatasi. Kwa muda kukawa kimya kabisa na nikajua nimeharibu. Kisha yule mzee, mdogo wake bibi, yule wa kaburini, akasogea polepole na fimbo yake. Akauchukua mfuko, akaupima mkononi, akausogeza sikioni akautikisa.

"Kilo moja?" akauliza. "Toka themanini na nne? Na riba umeiacha kwa nani, pagazi?"